Sharubati ya Bi Fadhiya

Haijapata kutokea katika ukoo ule mtu akakirudisha kinywaji kilichotoka mkononi mwa Bi Fadhiya. Wakwe walikinywa, mashekhe walikinywa, na afisa mmoja wa afya aliyekuja kumfungia jiko lake alikinywa pia, akaomba cha pili, akenda zake bila kufunga kitu. Kwa hivyo alasiri ile bibi huyo alipopanda ngazi za nyumba ya ndugu yake pale Kibokoni, Mji wa Kale, jagi la sharubati ya danzi, lile chungwa chungu, likiwa limefunikwa kitambaa cha kufuma, Muhdhar alijiinua juu ya mto, akambusu mkono dadake, akaipokea bilauri kwa mikono miwili.

"Kunwa, ndugu yangu," Bi Fadhiya alisema. "Danzi husafisha damu."

Muhdhar akanywa. Mkewe, Nabiha, alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa. Alimtazama mumewe, kisha akatazama chini. Wote wawili walijua kwamba bilauri ile ilikuwa imekatazwa.

Muhdhar alikuwa fundi wa halwa, na si fundi wa kubabaisha. Duka lilikuwa chini, makazi juu, na harufu ya iliki na samli ilipanda ngazi hata siku za mapumziko. Saratani ilimwanzia kwenye figo ya kushoto, na ilipogunduliwa ilikuwa imekwisha kutambaa hadi mapafuni. Bahati yake ni kwamba hospitali moja kisiwani ilikuwa imeingia katika utafiti wa kulinganisha dawa mbili za maradhi hayo yakishafika mbali. Wagonjwa waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa tembe za kumeza nyumbani kila siku, jingine liliingiziwa dawa mshipani pale pale hospitalini, na aliyegawa hakuwa daktari bali kompyuta, kwa kura, ili pasiwe na upendeleo. Dawa ipi ni bora, hakuna aliyejua. Wangelijua wasingehangaika kulinganisha.

Kura ya Muhdhar iliangukia tembe. Alipewa bure, na hilo si jambo dogo, kwani bei yake madukani ingeweza kuila nyumba pamoja na makarai yake yote. Muuguzi wa utafiti, binti mmoja mtulivu aitwaye Mwende, aliwasomea mume na mke masharti polepole. Dawa yoyote ya kienyeji lazima itajwe kabla ya kunywewa. Balungi na danzi ni marufuku kabisa, maana matunda hayo huizuia dawa isitoke mwilini, ikarundikana, ikageuka sumu. Na mgonjwa asiyefuata masharti huenda akatolewa katika utafiti. Neno hilo "huenda" ndilo Muhdhar aliloondoka nalo.

Sasa, mtu wa mbali atauliza: kama alijua, kwa nini alikunywa? Mtu huyo hajaugua Mji wa Kale. Pale mgonjwa haugui peke yake, mtaa mzima huugua naye, na mkono mtupu haulambwi. Huyu huja na asali ya nyuki wadogo, huyu na habasoda, huyu na kombe la zafarani, aya zilizoandikwa na mwalimu wake zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Hao wote Nabiha aliwaweza. Aliwaambia mgonjwa ndiyo kwanza kasinzia, akawashukuru, akawaombea dua, na walipoondoka vitu vyao akavimwagia asumini wa darini, ambao mwaka ule ulichanua kuliko miaka yote.

Bi Fadhiya hakuwezekana. Yeye alikuja kila alasiri, wala hakuacha kitu akaondoka. Aliketi kwenye kiti cha kamba, akakutazama mpaka chini ya bilauri ionekane. Tena ndiye aliyemlea Muhdhar baada ya mama yao kufariki, mkono ule ule ndio uliomlisha uji. Kumwambia mtu kama huyo kwamba anachokuletea kitakudhuru, Muhdhar hakuwa na mdomo wa kuyasema hayo.

"Heshima si utumwa," Nabiha alimwambia mara nyingi.

Naye alimjibu kila mara kwamba bilauri moja haiwezi kumshinda mtu mzima nguvu.

Miguu ndiyo iliyoanza. Nyayo zilimwaka kana kwamba amekanyaga mchanga wa jua kali, kisha viganja vikawa vyekundu, vikavimba, ngozi ikabambuka vipande vipande. Mwende alikuwa amewatahadharisha kwamba tembe zile zina tabia hiyo, lakini kidogo, jambo la kupaka mafuta likapoa. Hili halikupoa. Asubuhi moja Muhdhar alijaribu kuushika mwiko, akauachia palepale, na machozi yakamtoka mbele ya karai.

Halwa haimsubiri mtu. Ukiacha kuikoroga hushika chini, na karai zima hunuka moshi. Nabiha akajifunga leso kiunoni, akauchukua mwiko yeye, na mumewe akakaa kando, mikono imefungwa bendeji, akimwambia lini aongeze samli na lini apunguze moto. Kwa kweli halwa ilitoka vizuri. Muhdhar alijivunia mkewe siku ile, ingawa hakumwambia.

Ndipo akaja Bwana Mzamil, mteja wa miaka na miaka, kuagiza halwa ya harusi ya bintiye. Alisalimia kwa ukamilifu, akauliza hali ya mgonjwa, ya mke wa mgonjwa, ya dada wa mgonjwa. Wakati wote huo macho yake yalikuwa yakitoka kwenye bendeji yakienda kwenye karai, yakirudi kwenye bendeji. Nabiha alimkatia kipande aonje. Akasema amefunga. Kisha akasema atakwenda kushauriana na nyumbani kwake, halafu atarudi. Harusi za wanawe wa kiume zote aliziagizia pale pale bila kushauriana na mtu, na kuhusu kufunga, alikuwa akinuka kahawa.

Hakurudi. Muhdhar alihisi aibu ambayo hata maradhi hayakuwa yamemtia. Aliingia nyuma ya duka akaketi juu ya gunia la sukari.

"Si maradhi yaliyokufukuzia mteja," Nabiha alimwambia. "Ni danzi."

"Sema polepole, majirani watasikia."

"Na wasikie. Kesho kutwa wenda hospitali. Mwambie yule msichana kweli."

"Nikimwambia watanitoa. Nikitolewa, tembe nitazipata wapi?"

Nabiha alikaza leso kiunoni. Alirudi kwenye karai.

Siku ya miadi Mwende aliyafungua yale mabendeji taratibu, akaguna. Damu ilikuwa imepimwa, na ini nalo lilikuwa limeanza kulalamika. Alivuta kiti karibu.

"Mzee, nikuulize tena. Umekunywa au umekula chochote ambacho hatukukubaliana?"

"Hapana, binti yangu. Ni tembe zenu tu."

Mwende aliandika. Hakumshuku, au kama alimshuku hakuonyesha. Alimweleza kwamba ikiwa hivyo ndivyo, basi dozi itapunguzwa, na itaandikwa kuwa tembe zimemletea madhara makali. Habari hiyo itaungana na za hospitali nyingine, na mwisho wa utafiti ndizo zitakazotazamwa kuamua wagonjwa wa kesho wapewe dawa ipi. Muhdhar aliitikia kwa kichwa. Alitoka chumbani akiwa mwepesi, maana nafasi yake ilikuwa salama.

Wepesi huo haukufika mbali, kwa maana njia ya mwongo ni fupi. Kwenye benchi la nje walikuwa wameketi Mutunga na mkewe Wanza. Mutunga alikuwa dereva wa malori ya makontena kule Shimanzi kabla figo haijamstaafisha, naye pia kura ilimwangukia tembe. Katika kungojea pamoja wazee hawa wawili walikuwa wamezoeana kwa utani. Mutunga hudai watu wa Mji wa Kale husalimiana mpaka ugonjwa ukachoka kusubiri ukasambaa wenyewe. Muhdhar hujibu kwamba watu wa bara wakipewa halwa huidhani grisi ya magurudumu.

Siku ile Mutunga hakutania. Aliitazama mikono ya mwenzake.

"Hizi ni tembe zimefanya?"

Muhdhar hakujibu, na Mutunga akachukua kimya kile kuwa ndiyo.

"Wanza, nipe ile chupa ya tembe," alisema. "Naenda kuirudisha."

Wanza aliukumbatia mkoba wake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kikohozi kimepungua, kwamba siku hizi anapanda ngazi bila kusimama, kwamba mtu hatupi dawa inayomsaidia. Mutunga alimsikiliza mpaka mwisho, kwani hakuwa mtu mkali.

"Nimeendesha lori miaka mingi," alimwambia. "Ukiona la mbele yako limetumbukia shimoni, huongezi mwendo. Huyu ana mwili wa nguvu kunishinda. Kama yeye zimembambua hivi, mimi zitaniacha na nini?"

Wanza akamgeukia Muhdhar. Macho yalikuwa yamemjaa. "Mzee, mwambie wewe. Wewe anakusikiza."

Katika maisha yake yote Muhdhar hakuwahi kutia mafuta ya mboga kwenye halwa akayaita samli. Wenzake walifanya, wakatajirika, yeye akabaki na duka lile lile na jina lisilo doa. Na sasa, akiwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alikuwa ametia uwongo kwenye karai la watu asiowajua, na wa kwanza kupakuliwa ni rafiki yake. Alijichukia pale pale. Kisha kiburi chake cha zamani, kile kizuri, kikainuka.

"Bwana Mutunga, keti," alisema. "Tembe hazina makosa, nimezisingizia. Nimekatazwa danzi, nami nakunwa danzi kila alasiri, na sasa hivi nimetoka kumdanganya yule binti."

"Danzi?" Mutunga aliuliza. "Tunda?"

"Tunda."

Wanza alitaka kujua ni nani anayempa. Muhdhar alijibu kwamba amekunywa kwa mkono wake mwenyewe, na hilo lilikuwa kweli, maana bilauri aliishika yeye. Akawaomba wasiende popote. Akaugonga tena mlango wa Mwende.

Mwende hakukasirika, na hilo lilimuuma Muhdhar zaidi. Aliiweka kalamu yake chini, akasikiliza yote, akamshukuru. Alimwamuru aache tembe kwanza hadi damu itulie. Daktari atawaandikia wakuu wa utafiti, na wao ndio watakaosema kama ataendelea au la. Aje tena wiki inayofuata asikie.

"Sasa hivi siwezi kukuahidi kitu, mzee," alisema.

"Sikukuomba ahadi, binti yangu. Nimekuja kurekebisha nililoharibu."

Alipotoka, Mutunga alikuwa bado amekaa, na chupa ilikuwa bado mkobani mwa mkewe.

Nabiha alipohadithiwa alisema alhamdulillahi. Halafu akauliza lile swali lililokuwa likimngoja Muhdhar tangu hospitalini: dada mtu ataambiwa na nani?

Alasiri ikafika, na Bi Fadhiya naye. Muhdhar alimbusu mkono. Alitazama jagi likifunuliwa na bilauri ikijazwa. Ilipoletwa mbele yake, mikono yake ilibaki mapajani.

"Dada, sinwi."

Bi Fadhiya alidhani hakusikia vyema. "Hujisikii?"

"Najisikia. Danzi na zile tembe havipatani. Ndilo lililonibambua mikono." Akainyanyua ile mikono ya bendeji. "Nimeambiwa tangu siku ya kwanza."

Chini barabarani mkokoteni ulipita ukigongagonga mawe.

"Tangu siku ya kwanza," Bi Fadhiya alisema. "Na ukanwa."

"Nikanwa."

"Kwa nini, Muhdhar?"

"Kwa sababu ni wewe."

Bi Fadhiya aliirudisha bilauri siniani. Alilifunika jagi, akakinyoosha kile kitambaa mpaka kikakaa sawa, akajitanda buibui lake, akashuka ngazi moja moja. Muhdhar alilala akaugeukia ukuta, akalia kama alivyokuwa akilia utotoni. Tembe hazipo, na dada kaondoka. Aliona amepoteza vyote viwili kwa kusema kweli siku moja.

Kesho yake Bi Fadhiya hakuja, wala keshokutwa. Majirani wakaanza kuuliza. Nabiha aliwaambia bibi ana mafua.

Siku ya kwenda kusikia majibu, Muhdhar na Nabiha walipofika kwenye benchi la hospitali walimkuta mtu amewatangulia. Bi Fadhiya alikuwa ameketi katikati ya Mutunga na Wanza, amevaa buibui lake la Idi, kikapu mapajani. Alikwisha kujua Wanza ana watoto wangapi na wameolewa wapi. Alimpa nduguye mkono aubusu. Na jina la Muhdhar lilipoitwa, aliyeinuka akaingia wa kwanza alikuwa yeye.

Ndani walikuwamo Mwende na Daktari Zakariya, mkuu wa utafiti pale hospitalini. Bi Fadhiya aliwasalimia, akawauliza hali, akawaulizia wazazi wao. Kisha akatoa kikapuni bilauri na madanzi, akavipanga juu ya meza yao.

"Mimi ndimi Fadhiya, dadake," alisema. "Sharubati ni yangu. Huyu alikunwa kwa kuniheshimu, na heshima hiyo nilimfunza mimi, sikumfunza mpaka wake. Bilauri ni hii, ipimeni. Hujazwa hapa, na madanzi ni ya namna hii. Kama kuna mtu wa kutolewa katika kazi yenu, nitoeni mimi."

Mwende alimweleza kwa adabu kwamba yeye hawezi kutolewa, kwa kuwa hakuandikwa.

"Basi niandikeni, halafu mnitoe."

Daktari Zakariya aliinamisha uso, na mabega yake yakatikisika kidogo. Alipouinua alimpa Bi Fadhiya kiti. Aliwaambia jibu limekuja: Muhdhar hatolewi. Kosa limeandikwa kuwa kosa, na madhara ya mikono yameandikwa pamoja na sababu yake, ili lawama isiangukie pasipo pake. Mikono ikipona ataanza tena kwa dozi ndogo.

"Ungeendelea kuficha, tungewapotosha watu wengi bila kujua," alimwambia Muhdhar. "Umetufaa kuliko unavyodhani."

Muhdhar aliinamia bendeji zake. Alikuwa amejitayarisha kufukuzwa. Hakuwa amejitayarisha kushukuriwa. Nabiha alimshika mkono juu ya bendeji, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mwende aliichukua bilauri akaipima kwa maji, akauliza sharubati ilianza lini na danzi lilikamuliwa na maganda au bila, na Bi Fadhiya akajibu kila swali kwa kichwa kilichoinuka. Mwishowe akaomba asomewe yaliyoandikwa. Aliposikia jina lake halimo, alikunja uso. Mwende akamweleza kwamba katika utafiti majina hayaandikwi, hata la ndugu yake, kila mgonjwa ni namba tu.

"Basi mimi umeniandikaje?"

"Nimeandika: dada wa mgonjwa."

Bi Fadhiya alilifikiri hilo. "Yatosha," alisema.

Miezi imepita. Picha za kifua zinaonyesha uvimbe wa mapafuni haujakua. Haujapungua pia, na hakuna aliyetaja neno kupona, lakini daktari amesema umesimama, na kwa maradhi yale kusimama ni neno la kushukuriwa. Mutunga anameza tembe zake na amerudi kwenye utani. Ipi ni bora kati ya dawa mbili, bado haijajulikana, hospitali zinaendelea kulinganisha. Mikono ya Muhdhar imeshika ngozi mpya. Karai hukorogwa kwa zamu, mume na mke, na Muhdhar amekwisha kumwambia Nabiha mbele ya wateja kwamba halwa ya mke ni laini kuliko ya mume.

Bi Fadhiya bado huja kila alasiri, na jagi lake, na kitambaa chake cha kufuma. Siku hizi huketi juu ya ngazi, penye mlango. Wageni wa mgonjwa wanapopanda na chupa zao na vifurushi vyao, yeye huvipokea, hushukuru, huviweka kando ya kiti chake. Akitokea mtu wa kuuliza kwa nini mgonjwa hapewi, humjibu bila kuona haya.

"Ndugu yangu yuko kazini," humwambia. "Na kazi yake ina masharti."

Kisha hulifunua jagi, hummiminia nduguye kwanza, halafu wageni wote mmoja mmoja, kwa bilauri zile zile na juu ya sinia ile ile. Ni maji matupu. Juzi shekhe mmoja alionja, akatazama ndani ya bilauri, akamtazama Bi Fadhiya aliyekuwa akimngojea afike chini, akanywa yote.

"Mashaallah," alisema. "Matamu."